Savoni Tuliyoambiwa Tuiache Ikauke Usoni

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi ya lopitali, umeficha kile kichupa cha mkojo ndani ya kitambaa ili watu wasikione, basi tuko pamoja. Nami nilikaa na kichupa hicho. Nilikaa nacho mvua mbili na baridi moja katikati. Ugonjwa unavyofanya kazi ndani ya mwili sitakueleza, maana hilo ni la waganga wa lopitali, na wao wenyewe walinieleza mara tatu kwa namna tatu. Nitakueleza ulivyonipata, nani aliuleta, na jinsi tulivyohangaika kumfanya aseme kwamba ni yeye. Majina ya wenzangu nitayataja. Ya wazungu sikuyajua, nitatumia yale tuliyowapa sisi.

Mimi ni Marta Ngoie. Baba yangu alitoka upande wa Kabongo akaja Elisabethville na kazi ya reli, na mume wangu Kalenga Rafaeli alifanya kazi karakana ya reli, kwa hiyo maisha yangu yote ni filimbi ya treni. Shule nilipata miaka miwili kwa masera, wale watawa wa misheni, nikatoka na herufi na kushona. Kitu nilichojaliwa ni kimoja tu. Jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki. Kalenga alikuwa akisema kichwa changu ni daftari la kampi, yaani kambi yetu ya watu wa reli.

Ilikuwa siku ya posho. Sisi wanawake tulikuwa kwenye mstari na mifuko ya unga, jua kali, mtoto wa kila mtu analia. Ikaja kamyo, lori ndogo yenye gramafoni juu yake, na kijana mmoja mwenye tai akaruka chini. Huyo alikuwa Kasimu, mtoto wa watu wa Maniema. Mdomo wake ulikuwa mtamu kuliko hiyo gramafoni.

"Ba mama! Mukuje huku! Kuangalia haina kulipa! Hii inaitwa Savoni ya Nyange. Muko mweupe? Muko mweusi? Muko na vipele? Nyange haichague muntu!"

Nyange ni yule ndege mweupe wa mabwawani, alikuwa amechorwa kwenye karatasi ya savoni, kama tunavyoiita sabuni. Kasimu akamwomba Filomena Monga, jirani yangu wa mlango wa tatu, asogee mbele.

"Mama, jina yako?"

"Filomena. Na usiniharibie uso, bwana yangu iko na wivu."

"Mama Filomena, hii shavu ya kushoto tutaiacha maskini. Hii ya kuume njo tajiri."

Akampaka povu shavu moja, watu wakacheka hadi mstari wa posho ukavunjika. Filomena akataka kunawa. Kasimu akamshika mkono.

"Apana, mama! Usisuuze! Njo siri yake. Muache ikauke pa uso, mulale nayo, asubuhi njo munawe. Munajua nkula? Basi, kama nkula."

Hapo ndipo alipotukamata. Nkula ni unga mwekundu wa mti. Kwetu msichana anayengoja ndoa huwekwa ndani majuma mengi, na shangazi yake humpaka mafuta na nkula, wala hanawishwi. Analala nayo, anaamka nayo, shuka zinakuwa nyekundu. Tangu tukiwa wadogo tunajua kwamba kitu kizuri kwa ngozi lazima kikae juu ya ngozi. Mzungu angesikia "acha savoni ikauke usoni" angeshangaa. Sisi tulitikisa vichwa. Mama mkwe wangu, Mama Numbi, alisema, "Huyu mutoto balimulea muzuri. Anajua nkula." Akanunua mbili.

Sitadanganya, majuma ya kwanza ilikuwa nzuri. Vipele viliisha. Uso ukawa laini kama yai lililomenywa. Kalenga alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni.

"Bibi ya nani huyu?"

"Ya fundi mumoja wa reli. Ingia mbele bwana yake arudie."

Tulicheka sana. Ninaandika hayo kwa sababu ukiwa mgonjwa watu wanakuuliza, kwa nini ulijipaka? Nilijipaka kwa sababu ilinipendeza. Usikubali mtu aufanye ujinga wako kuwa ndio ugonjwa.

Mvua zilipokuwa zinakatika, kinywa changu kikaanza kuwa na ladha ya chuma, kama nimelamba funguo. Bukari, ugali wetu, ilikuwa na ladha ya funguo, maji yalikuwa na ladha ya funguo. Kisha fizi zikatoa damu. Kisha vidole. Nilikuwa nikishona nguo za ubatizo kwa kampi nzima, na siku moja niliketi na sindano na uzi tangu watu wanatoka misa hadi chakula cha mchana, nisiweze kupitisha uzi tunduni. Vidole vilitetemeka kama vya mtu anayesikia baridi. Nikalia juu ya gauni la mtoto wa watu.

Uso ule wa yai ukaanza kuwa na rangi ya majivu kuzunguka macho. Asubuhi ulivimba, jioni uvimbe ukashuka miguuni. Nikibonyeza mguu, alama ya kidole ilibaki kama kwenye donge la bukari. Na hasira! Hilo hakuna aliyeniambia mapema, nami nakuambia wewe. Ugonjwa huu unaingia hata kwenye tabia. Nilimrushia Kalenga kifuniko cha chungu kwa sababu alikohoa. Kikohozi tu. Akakiokota, akakifunika chungu, akakaa.

"Umemaliza, ao kuko kingine?"

Mama Numbi akasema kuna mkono wa mtu. Kaka yake Kalenga akasema nirudishwe Kabongo kwetu, ndugu zangu waulize ni nani aliyeniroga. Waliongea hivyo sebuleni nami niko chumbani, ukuta wenyewe ni wa kusikia hata panya akikuna. Nilimsikia Kalenga akijibu, "Atapanda treni gani, na miguu ile? Mwacheni aende lopitali." Sikuwahi kumshukuru kwa maneno yale. Ninamshukuru hapa.

Lopitali yetu sisi weusi ilikuwa na benchi ndefu nje, chini ya bati. Baridi ya mwezi wa sita inapita chini ya kitenge na kupanda mgongoni. Unafika asubuhi, unaitwa saa sita, unaambiwa urudi kesho na mkojo. Unarudi na mkojo, unaambiwa huu ni mchache. Msaidizi wa munganga, yaani daktari, alikuwa Kyembe Paulo, mtu mzuri lakini msahaulifu. Alikuwa akiita majina vibaya kila siku, nikawa ninamsahihisha kutoka benchi, mpaka akawa ananiuliza kabisa, "Mama Ngoie, yule mwenye kitenge cha kijani?" Nami namwambia.

Walinikataza chumvi. Wewe uliyekatazwa chumvi unajua. Sombe, kisamvu chetu, bila chumvi ni majani tu. Mama Numbi aliniona ninalazimisha tonge, akapika zake pamoja na zangu bila chumvi, akala nami siku tatu ili nisione uchungu peke yangu. Siku ya nne akasema, "Mukwe, nakupenda, lakini si mpaka hapa," akachukua kopo la chumvi akaenda kula jikoni. Hata mimi nilicheka, na fizi zikauma.

Benchi ile ndiyo iliyonifumbua. Siku moja nilikaa katikati ya Eliza Kabange na Anyesi Mujinga, wote wa kampi yetu. Nikamtazama Eliza, nikamtazama Anyesi. Majivu yaleyale kuzunguka macho. Anyesi alishika kikombe cha uji kwa mikono miwili, na uji ukawa unamwagika.

"Anyesi, kinywa yako iko na ladha ya nini?"

"Ya musumari. Unaniuliza juu ya nini?"

"Siku ya kamyo, ulisimama wapi?"

"Kamyo gani? Ya Nyange? Nilikuwa nyuma yako. Ulinikanyaga."

"Na weye, Eliza?"

"Nilinunua ine. Bado iko moja."

Kyembe alipotoka nikamwita, nikamtajia: sisi watatu, na Marsela Kisimba aliyelazwa ndani, na Filomena Monga aliyelazwa karibu na dirisha. Wote tulikuwepo siku ya kamyo.

"Mama Ngoie, sasa umekuwa munganga?"

"Apana. Niko daftari. Andika."

Alicheka, lakini alimwambia munganga mkubwa, mzungu tuliyemwita Ndevu. Ndevu akaniambia nilete kipande cha savoni. Akakinusa, akakipeleka kwenye chumba chao cha chupa, na tukangoja. Tulingoja muda ambao kitenge changu kilianza kunizidi upana. Kisha akatuita mmoja mmoja. Savoni ilikuwa na zebaki, yale maji ya fedha yaliyo ndani ya kipimo cha homa. Tuitupe leo hii. Na sindano zianze.

Hizo sindano! Zina harufu ya vitunguu saumu vilivyooza. Zinaingia kwenye tako kama moto, midomo inachoma, machozi yanatoka bila kulia, na moyo unakimbia. Asubuhi moja, jioni moja. Kalenga hakuweza kunikaribia kwa harufu, akawa anakaa upande wa upepo na kunisimulia habari za karakana kwa sauti kubwa kama mtu anayeuza samaki. Lakini baada ya sindano ya tisa niliamka, macho yangu yakafunguka yenyewe, bila kuyapanua kwa vidole. Nilikaa kitandani nikitazama dari. Dari tu. Sijawahi kuona dari nzuri vile.

Filomena Monga hakufika sindano ya tano. Tulimzika jua la mwezi wa tisa likiwa kali, na ardhi ngumu hata majembe yalilia.

Sasa nisikilize. Siku ileile ya mazishi nilipita dukani kununua mishumaa. Nyange ilikuwa imepangwa pale, safu juu ya safu, mpaka karibu na dari, na mke mdogo wa fundi mmoja alikuwa anachagua. Nilimshika mkono, akaniona kichaa. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mdogo wangu Bernadeta Umba.

Umba alikuwa kwetu, amewekwa ndani kungoja ndoa yake. Alikuwa na nkula kifuani na Nyange usoni. Nilikuwa nimemwambia tangu siku ya Ndevu. Nilikuwa nimezitupa mbili. Akapata ya tatu.

"Umba! Nimesema nini?"

"Yaya, dada yangu, miye siko mugonjwa."

"Filomena naye hakuwa mugonjwa!"

"Ni vile weye umeharibika njo unataka nami niharibike? Ndoa iko mbele ya Noeli, Yaya. Batu ba bwana bataniona na hii vipele?"

Nilimpiga kofi. Mkono ulitetemeka, kofi likaanguka begani. Akanitazama kwa huruma, na hilo liliniuma kuliko kama angenirudishia.

Hapo nikaelewa kwamba kusema haitoshi. Maadamu ile savoni iko dukani, na kampani iliyoiuza haijasema kitu, mimi ni mwanamke aliyevimba mwenye wivu. Nilitaka jambo moja: waseme ni savoni yao, waitoe, kabla Umba hajaketi kwenye benchi yangu.

Biro ya kampani, yaani ofisi yao, ilikuwa mjini, upande wa wazungu. Nilikwenda kwa miguu, nikipumzika kila kona, na Ndevu alikuwa amenipa barua. Karani aliitwa Daudi. Akaipeleka barua ndani. Mlango ukafunguka nusu, uso wa mzungu ukatokea nusu. "Kesho." Kesho yake, nusu ya uso. "Juma lijalo." Ndiyo maana tulimwita Bwana Mulango. Kwa muda mrefu sikujua kama ana miguu.

Mara ya nne alitoa mkono, ameshika karatasi ya savoni. Daudi akatafsiri. "Bwana anasema, soma. Imeandikwa hapa, sabuni isuuzwe mara moja kwa maji mengi. Ninyi mnaosha vibaya."

Nikaitazama karatasi. Kifaransa upande mmoja, Kiflama, ile lugha yao nyingine, upande wa pili. Na yule ndege.

"Mwambie Bwana, mtu wao alisema tuache ikauke."

"Bwana anasema, mtu gani?"

"Kasimu."

Mlango ulifungwa kidogo, ukafunguka tena.

"Bwana anasema, hapa hakuna Kasimu."

Daudi alisema hivyo akiwa anatazama sakafu. Alimjua Kasimu. Walikula pamoja, baadaye aliniambia. Nilikaa kwenye ngazi za nje nikacheka peke yangu, kicheko cha hasira, mpaka mlinzi akanifukuza. Yaani mtu mzima, mwenye tai, mwenye gramafoni, ametoweka duniani!

Nikamtafuta. Watu wa Maniema wanajuana. Msikitini walinielekeza kwa fundi cherehani, fundi akanielekeza kwa mama yake Kasimu. Kasimu alikuwa uani anapaka rangi viti. Kampani ilikuwa imemwondoa tangu barua ya Ndevu. Aliponiona usoni alisimama.

"Mama, miye nilisoma tu. Balinipa karatasi, nikasoma."

"Karatasi gani?"

Akaingia, akatoka nayo. Ilikuwa imepigwa kwa mashine, Kiswahili safi, na muhuri wa kampani chini. Nilisoma polepole kwa herufi zangu za masera. Mpaka nilipofika: *waambie waache povu likauke usoni hadi asubuhi*. Maneno ya nkula aliongeza mwenyewe.

"Nipe, Kasimu."

"Mama, nikitoa hii, hakuna biro itanikubali tena mu hii muji. Niko na mama. Niko na bibi, anangojea mutoto."

"Unamukumbuka Filomena?"

"Mwenye kusema bwana yake iko na wivu?" Akatabasamu kidogo. "Shavu ya kuume."

"Tulimuzika."

Alikaa juu ya kiti alichokuwa anakipaka. Rangi yote ikaingia kwenye suruali. Mama yake akasema, "Kasimu, rangi," naye hakusikia. Lakini karatasi hakunipa. Niliondoka mikono mitupu, nimekasirika hata kwaheri sikusema kwa yule mama, na bado ninaona haya.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Ndevu alikuwa amemwandikia munganga wa serikali, yule wa usafi wa mji, mwenye uwezo wa kufunga duka. Tukaitwa. Nilikwenda na Kyembe, na Umba kwa sababu sikuweza kutembea mbali peke yangu. Senga, shangazi yetu anayemtunza, alimtoa ndani siku ile kwa manung'uniko makubwa. Bwana Mulango alikuwa ameketi mle ndani, mzima, mbele na nyuma. Alikuwa na miguu mifupi.

Akasema hizi ni habari za sokoni. Wanawake gani? Wako wapi? Wanaitwa nani?

Basi. Nikaanza na wa mbele ya mstari wa posho. Filomena Monga, marehemu. Eliza Kabange, alinunua nne. Marsela Kisimba. Anyesi Mujinga, nilimkanyaga. Yozefina Banza na binti yake Kristina, walinunua moja ya kugawana. Mama Numbi, mbili, moja akanipa mimi. Rozali Mwamba, ambaye alisema ni ghali akarudi kununua wengine walipoondoka. Karani wa serikali aliinua kalamu.

"Mama, polepole. Kalamu yangu haina mbio kama kinywa yako."

"Kinywa yangu ilingojea miezi mingi. Kalamu yako ikimbie."

Nilifika hadi mwisho wa mstari, na meno mangapi yametoka kwa nani, na nani amelazwa. Wa mwisho nilimtaja kwa sauti ya chini. "Bernadeta Umba, mudogo wangu. Anaipaka mpaka leo."

Sikumwangalia. Bwana Mulango akasema haiwezekani, maana kampani kwa wema wake iliacha kuuza savoni hiyo tangu baridi. Umba akasimama. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kipande cha Nyange, kipya, karatasi haijachanika upande mmoja, akakiweka mezani.

"Nilinunua juzi," alisema. "Ku duka ya pembeni ya kituo. Balikuwa nazo mingi."

Munganga wa serikali alikivuta kile kipande kwa kalamu, bila kukigusa.

Ikabaki neno la kusuuza. Bwana Mulango alikuwa ameweka karatasi yake ya Kifaransa juu ya meza kama mtu aliyeweka tofali. Na hapo mlango ukagongwa, akaingia Kasimu, amevaa tai yake, na suruali ileile yenye alama ya rangi. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia kwa Daudi. Akasalimu, akaitoa karatasi ya mashine, akaisoma yote kwa sauti ile ya gramafoni, mpaka muhuri. Kisha akasema kwa Kifaransa, ili pasiwe na tafsiri, "Huyu bwana ananijua."

Tulitolewa nje wazungu waongee. Bwana Mulango akatufuata barazani na Daudi, na katoni ya savoni nyingine, ya mawese, na waraka. Kampani inatusikitikia. Tuchukue katoni, tutie alama ya kidole, mambo yaishe. Kyembe akausoma waraka, akanikunjia uso.

"Mama Ngoie, imeandikwa kwamba ulitumia vibaya kwa kutokujua kwako, na kampani haina kosa."

Daudi alinishikilia ile sahani ya wino. Nikanyoosha kidole mbele ya Bwana Mulango, nikakiacha hapo hewani, kikitetemeka kama jani.

"Ona, Bwana. Haiwezi kukaa pa karatasi. Savoni yenu njo ilifanya hivi. Muingojee ipone."

Daudi aliinamisha kichwa, mabega yakacheka.

Amri ilitoka. Maduka yote ya mji yakanyang'anywa Nyange. Umba aliacha siku ileile, akaolewa kabla ya Noeli na vipele vyake vitatu, na mume wake hakurudi nyuma hata hatua moja. Kasimu hakupata biro tena. Alijifunza viti, na meza ninayoandikia ni ya mkono wake. Mimi sindano zikapungua, zikawa mbili kwa juma, zikaisha. Nikaambiwa naweza kula chumvi kidogo. Mama Numbi aliniletea sombe yenye chumvi kwenye bakuli la wageni, akasimama kunitazama hadi mwisho.

Ningependa kuishia kwenye bakuli hilo. Lakini kampani ndiyo iliyoambiwa iiharibu ile savoni, nayo ikachimba shimo nyuma ya kampi yetu, ikaitupa humo, ikafunika kwa udongo kidogo, ikaenda zake. Nyuma ya kampi yetu, siyo nyuma ya nyumba zao. Mvua za mwezi wa kwanza zikaja kwa nguvu, na asubuhi moja nikasikia watoto wanashangilia. Mfereji wote ulikuwa mweupe. Povu hadi magotini, linanukia maua, na watoto wamo ndani, wanajipaka, wanarushiana.

Nilikimbia. Sikuwa nimekimbia tangu mvua za mwaka uliopita. Niliwavuta kwa mikono, kwa masikio, kwa nguo, nikapiga makelele mpaka mama zao wakatoka na maji.

Sikungoja miguu ipoe. Nilichota povu lile kwenye beseni, Anyesi akashika upande mmoja, nikashika mwingine, na Eliza na Umba na wengine nyuma yetu, tukaenda mjini. Daudi alituona mlangoni.

"Mama Ngoie, ile mambo si iliisha?"

"Iliisha mu makaratasi. Fungua."

Tuliingia kwa mlango mzima, bila nusu. Bwana Mulango alikuwa anakula. Tukaliweka beseni mezani, karibu na sahani yake, nikasema, na Daudi akatafsiri bila kuombwa.

"Bwana, unakula. Nawa mikono."

Alilitazama povu. Lilikuwa zuri, jeupe, linapasuka polepole. Akaturudishia macho, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwangu. Kisha akaiingiza mikono yote miwili mifukoni, na kusogeza kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta.

Miezi yote ile nilikuwa nimengoja aseme kwamba ni savoni yao. Akawa amesema.

Kamyo ya kufukua shimo ilifika kampini kabla hatujafika sisi.